Nzi, buibui na tone la umande: ukungu wa aina tatu kutoka lenzi moja

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwaka wa tatu napiga picha kwa mapenzi tu, si kwa kazi. Nilianza na lenzi ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja na kamera, na kamera yenyewe ina sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, ya megapikseli 24. Watu huzisifu picha zangu za sura na za mandhari. Mwezi uliopita nilinunua lenzi ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100, f/2.8. Tangu hapo nimepiga picha kama 400 za wadudu na maua, na zinazofaa hazifiki kumi. Zilizobaki zote zina ukungu. Nimefungua tundu hadi f/2.8, nimelibana hadi f/22, nimetumia tripodi, bado. Nakutumia tatu uzione. Je, lenzi ni mbovu niirudishe? Au ninunue flashi ya mviringo na reli ya kusogezea kamera? Rafiki yangu ananiambia wadudu si wa kiwango changu, nirudi kupiga watu."

Marahaba, ndugu yangu. Picha zako nimezifungua kwenye skrini kubwa, nikazikuza mpaka pikseli zikaonekana moja moja, na nimekaa nazo jioni nzima. Swali lako la kwanza nalijibu bila kusita: lenzi yako ni nzima, usiirudishe. Aliyeniambia hivyo ni yule nzi wa picha yako ya kwanza.

Umempiga akiwa ametua kwenye jani, f/2.8, mkononi, karibu kabisa na mwisho wa uwezo wa lenzi. Wewe uliangalia jicho, ukaona limevurugika, ukaifuta picha moyoni mwako. Sasa irudie. Usiangalie jicho. Angalia mguu wa mbele wa kushoto, pale unapogusa jani. Kuna vinyweleo vitatu pale ambavyo vimesimama kama sindano. Kisha fuata jani lenyewe kutoka hapo kwenda kulia, utaona mstari mwembamba wa ngozi ya jani ambao kila kishimo chake kinahesabika. Nje ya mstari huo, mbele na nyuma, kila kitu kinayeyuka. Lenzi mbovu haiwezi kuchora vinyweleo vile. Fokasi yako ilifika, ila ilitua milimita mbili mbele ya mahali ulipotaka.

Tofauti ya milimita mbili huwezi kuiona unapopiga mtu. Kwenye makro ni masafa marefu. Lenzi yako inafika uwiano wa 1:1, maana yake nzi mwenye urefu wa milimita 7 anachukua milimita 7 halisi juu ya sensa. Sensa yako ina upana wa milimita 24 hivi, kwa hiyo nzi mmoja amejaza karibu theluthi ya picha. Ukiwa karibu kiasi hicho, sehemu inayoonekana kwa ukali kutoka mbele hadi nyuma, yaani kina cha fokasi, inakuwa nyembamba ajabu. Kwa f/2.8 na sensa kama yako ni takriban robo ya milimita. Kwa f/8 inafika kama milimita 0.6. Hata kwa f/11 haijatimiza milimita moja. Kichwa cha nzi wa nyumbani kina upana wa milimita mbili. Unaona basi: kwa f/2.8 ulikuwa unajaribu kupitisha kichwa kizima kwenye ufa wa robo milimita, huku mwili wako unayumba mbele na nyuma kwa kila pumzi, na nzi naye anahema.

Hapa kwanza ubadilishe namna unavyofokasi. Kwenye picha za watu umezoea kubonyeza nusu, kamera inatafuta jicho, unamalizia. Kwa umbali huu fokasi ya kamera inahangaika, inakwenda na kurudi, na ikishakamata wewe tayari umeshasogea. Izime. Weka fokasi ya mkono, chagua ukubwa unaotaka, tuseme nzi ajaze theluthi ya picha, kisha usiguse tena pete ya fokasi. Kuanzia hapo kinachofokasi ni mwili wako. Bana viwiko kwenye mbavu, piga goti, egemea chochote kilicho imara, halafu inama mbele polepole sana huku ukitazama jicho la nzi. Litakuja likiwa na ukungu, litaanza kusafika, na mara utaona vile vyumba vidogo vya jicho vinang'aa kama kitambaa kilichodariziwa. Bonyeza kabla kidogo ya hapo, picha nne au tano mfululizo, ukiendelea kuinama. Moja itaangukia mahali pake. Wapiga makro wenye uzoefu hutupa picha nyingi kuliko wanazohifadhi, na hilo lisikuvunje moyo hata siku moja.

Jambo la pili ni jinsi unavyosimama mbele ya mdudu. Ule ufa wa ukali ni kama kioo cha dirisha kilichosimama sambamba na sensa yako. Chochote kinachogusa kioo hicho kinatoka safi. Nzi wako ulimpiga kutoka mbele kwa pembe, kwa hiyo kioo kilikata mguu mmoja na kipande cha jani tu. Ukimpiga ubavuni, sensa ikiwa sambamba na mwili wake, kioo hicho hicho chembamba kinapitia jicho, kifua, bawa na tumbo kwa pamoja. Namba ya tundu ni ile ile, lakini picha ni nyingine kabisa. Mimi nikimkuta kerengende hutumia dakika nzima kusogeza mwili wangu tu mpaka bawa lote liwe sambamba na kamera, kabla sijafikiria namba yoyote.

Picha ya pili ni ya buibui kwenye utando wake, f/8, ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), kasi ya shata 1/60, yaani sehemu ya sekunde ambayo pazia la kamera liko wazi. Kwa tundu hapa ulifanya vizuri, ukungu wake ni wa aina nyingine. Kuza ule utando upande wa juu, mahali jua lilipogusa vitone vidogo vya maji. Kila kitone kingepaswa kuwa nukta. Kwako kila kimoja ni kijistari kifupi, na vijistari vyote vimelala upande mmoja, kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Huo ni mwendo. Tena kwa kuwa hata majani ya nyuma yamechora vijistari vya upande ule ule, aliyesogea ni wewe, si buibui wala upepo. Ingekuwa upepo, utando na majani kila kimoja kingechora mistari ya upande wake.

Umezoea ile kanuni ya kasi ya shata isipungue urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 100, kasi 1/100, na kwa sensa ya APS-C ongeza hadi 1/150. Kanuni hiyo ilitungwa kwa vitu vya mbali, ambako kinachoharibu ni kamera kuzunguka kidogo mkononi. Ukiwa kwenye 1:1, hata kusogea ubavuni kunahesabika kamili. Kamera ikiteleza milimita 0.1 wakati shata iko wazi, picha nayo inateleza milimita 0.1 juu ya sensa, na kwa sensa yako hizo ni kama pikseli 25. Kile kifaa cha kutuliza mtetemo ndani ya lenzi hakikosi faida, lakini nguvu yake hupungua kadiri unavyokaribia, kwa sababu kazi yake kubwa ni kurekebisha mzunguko, si mtelezo. Kwa hiyo kwenye mwanga wa jua pekee usishuke chini ya 1/250, na kama mdudu anatembea anza na 1/500. ISO ipandishe bila woga. Chembechembe za ISO 1600 mtu anaweza kuzisamehe au kuzipunguza kwenye kompyuta. Mstari uliochorwa na mtetemo haufutiki.

Ya tatu ndiyo iliyokuchanganya zaidi, nami naelewa kwa nini. Tone la umande kwenye ncha ya petali, kamera juu ya tripodi, f/22, ukaiacha ijipige yenyewe baada ya sekunde 2. Ulifanya kila ulichoambiwa. Hakuna mtetemo, fokasi ipo mahali pake, na bado picha nzima ni laini, kama imepigwa kupitia soksi. Nimeitafuta sehemu moja kali nikaikosa. Hakuna vijistari, hakuna ule ufa wa ukali, ni ulaini ulioenea sawasawa kila kona.

Huo ni ukungu wa mwanga wenyewe. Mwanga ukipenya tundu dogo hutawanyika kwenye kingo zake, na badala ya kila nukta ya umande kutua kama nukta juu ya sensa, inatua kama kisahani. Kadiri tundu linavyobanwa, kisahani kinapanuka. Kibaya zaidi, kwenye makro namba unayoisoma si namba unayoipata. Lenzi inapofokasi karibu, mwanga husambaa zaidi kabla ya kufika kwenye sensa, na kwa uwiano wa 1:1 tundu la f/22 linafanya kazi kama f/44 hivi. Kamera nyingine huonyesha namba iliyokwisha kurekebishwa, nyingi hazionyeshi. Kwa f/44 kisahani hicho kinafika upana wa karibu milimita 0.06, ilhali pikseli yako moja ina upana wa milimita 0.004. Nukta moja ya umande imetandazwa juu ya pikseli kumi na tano. Hakuna lenzi duniani, hata ya bei gani, itakayokuokoa hapo, kwa kuwa hili si kosa la vioo.

Kwa sababu hiyo hiyo, kwa 1:1 unapoteza hatua mbili za mwanga, yaani robo tu ndiyo inayofika. Ndiyo maana picha zako za karibu zinataka muda mrefu kuliko ulivyotarajia.

Kwa kamera kama yako, ukiwa karibu sana, mimi hukaa kati ya f/5.6 na f/11, na mara nyingi f/8. Chini ya hapo kina cha fokasi kinakuwa chembamba mno, juu ya hapo ulaini unaanza kula vinyweleo. Ukirudi nyuma kidogo, mdudu akichukua nusu ya ukubwa huo, kina cha fokasi kinaongezeka mara tatu kwa tundu lile lile. Kwa hiyo mtu anayeanza asikimbilie 1:1. Piga kwa 1:2, kata pembeni baadaye kwenye kompyuta. Kwa megapikseli 24 unayo nafasi ya kukata.

Usiamini tu kwa kuwa nimesema mimi. Chukua ukurasa uliochapishwa maandishi madogo, ubandike ukutani kwenye mwanga mzuri. Weka kamera kwenye tripodi, sensa sambamba na ukuta, fokasi ya mkono, skrini imekuzwa mara kumi ili uone ukingo wa herufi moja. Kama kamera yako ina kioo ndani kinachopanda unapobonyeza, kifunge juu kwanza. Zima kifaa cha kutuliza mtetemo, ipige yenyewe baada ya sekunde 2. Anza f/2.8, kisha f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16, f/22, bila kugusa kingine chochote. Robo saa haiishi. Ukizipanga pamoja utaona herufi zinazidi kuwa kali kutoka f/2.8 kwenda f/5.6 au hapo karibu, zinashikilia, halafu kuanzia f/16 zinaanza kuvimba kingo. Lenzi yenye hitilafu itakuonyesha kitu kingine: upande mmoja wa ukurasa ni safi na upande wa pili umevurugika hata kwa f/8. Ukiona hivyo, hakikisha kwanza kamera ilikuwa sambamba na ukuta, rudia, na ikibaki vile vile ndipo urudishe. Lakini baada ya vile vinyweleo vya nzi, nitashangaa sana.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kuna jambo nimeliona kwenye picha zako ambalo hukuliuliza. Ndani ya mwezi mmoja ulibadilisha lenzi, ukabadilisha namna ya kupiga, na ukabadilisha unachokipiga, vyote kwa mpigo. Mimi pia nilipita njia hiyo. Wiki moja nilinunua mirija ya kurefusha lenzi na flashi ya mviringo, na siku iliyofuata nikaenda kuwinda nyuki. Msimu mzima uliisha nikiwa na maelfu ya picha mbaya nisizoweza kuzisoma, kwa kuwa kila picha ilikuwa na sababu tano za kuharibika. Uchungu wa ule msimu ninao mpaka leo, maua yale hayakungoja.

Tangu hapo nina kanuni ninayoishikilia: kifaa kipya kwa mada ya zamani, mada mpya kwa kifaa cha zamani. Lenzi ikiwa ngeni mkononi, ipeleke kwa kitu kisichotoroka na unachokijua. Saa ya mkononi iliyolazwa mezani. Sarafu. Punje za chumvi juu ya kitambaa cheusi, ambazo ukizikuza zina kona za mraba kabisa. Jani kavu lililobaki mishipa tu. Hapo utajifunza ule ufa wa ukali unakatia wapi, mpaka jicho lako liuone hata kabla ya kubonyeza. Kisha nenda kwa anayetembea polepole: konokono, kiwavi. Kisha nzi. Nyuki na kerengende angani ni wa mwisho, na kwa mwaka wa kwanza usijidai nao.

Na ukitaka kujaribu mada mpya kabisa, tuseme ndege, toka na ile lenzi yako ya zamani inayotii vidole vyako bila kufikiri, ukawasome ndege kwanza: wanatua wapi, wanakuja saa ngapi, wanaruka kuelekea upepo ama kuupa mgongo. Hata ukirudi bila picha hata moja ya kuonyesha, umerudi na nusu ya kazi.

Ndiyo maana sikubaliani na rafiki yako kwamba wadudu hawakufai. Miaka mitatu ya sura na mandhari imekupa jicho la mwanga. Lile tone la umande umelipiga na jua likitokea nyuma ya petali, jambo ambalo wengi huchukua muda kulijua. Unachokikosa ni mkono, na mkono hupatikana kwa kurudia. Kuna mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, aliyeitwa Wilson Bentley. Tarehe 15 Januari 1885, akiwa na miaka 19, aliunganisha kamera na hadubini akafanikiwa kupiga picha ya kipande kimoja cha theluji. Alividaka vipande hivyo kwenye ubao mweusi, akavihamishia kwenye kioo cha hadubini, akavipiga huko huko kwenye baridi kabla havijayeyuka. Mpaka anafariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Mada moja, miaka 46. Sitaki ukae na nzi miaka 46, lakini mpe hata miezi mitatu.

Kuhusu vifaa sasa. Wahenga wana msemo kwamba mchagua jembe si mkulima, na watu hupenda kuutupia kila anayeuliza habari za kamera. Mimi nauona ni nusu ya ukweli. Mkulima anayelijua shamba lake huchagua jembe, tena kwa makini, kwa kuwa amegundua udongo wake unataka nini. Ukungu wa picha zako ndio udongo wako, na umeshatuambia: picha ya kwanza inataka f/8 badala ya f/2.8, ya pili inataka kasi, na vyote viwili vinakula mwanga. Kwa hiyo flashi, ndiyo. Nunua. Ila si ile ya mviringo.

Flashi ya mviringo inayofungwa mbele ya lenzi ilibuniwa kwa kazi kama za madaktari wa meno, ambako unataka kila kona imulikwe na kivuli kisiwepo. Kwa mdudu inaleta mwanga bapa usio na umbo, na kwenye kitu chochote kinachong'aa, mgongo wa mende au tone lako la umande, unabaki mduara mweupe unaojionyesha. Nunua flashi ndogo ya kawaida inayowekwa juu ya kamera, yenye uwezo wa kurekebishwa nguvu kwa mkono, pamoja na waya au kirusha ishara ili uweze kuitoa pale juu na kuileta karibu na ncha ya lenzi. Mbele yake weka kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, au karatasi nyeupe, ikiwa imeinama juu ya mdudu kama paa dogo. Siri yake ni ukubwa wa chanzo cha mwanga kikilinganishwa na anayemulikwa: kwa nzi, karatasi ya ukubwa wa kiganja iliyo sentimita 10 juu yake ni kama anga zima lenye mawingu. Vivuli vinalainika, rangi za bawa zinatokeza.

Na kasi je? Hapa ndipo flashi inapostahili heshima yake. Weka kamera kwenye 1/200, f/8, ISO 200, flashi kwenye 1/16 ya nguvu yake. Kwa mipangilio hiyo kwenye kivuli mwanga wa kawaida huchangia kidogo sana, kwa hiyo kinachochora picha ni ule mmweko karibu peke yake, na mmweko wa nguvu ndogo hudumu sehemu ya maelfu ya sekunde tu. Shata imefunguka muda mrefu, lakini giza lilikuwa limetanda kabla na baada. Mtetemo wa mkono wako haupati nafasi. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitumia mmweko mfupi wa namna hii kusimamisha vitu ambavyo jicho halikuwahi kuviona vimesimama. Picha yake ya mwaka 1957 ya tone la maziwa likirusha taji la matone ilipigwa hivyo. Flashi yako ndogo inafanya kazi kwa wazo lile lile.

Utakutana na tatizo moja mapema, nikuambie sasa: nyuma ya mdudu patakuwa peusi kama usiku. Mwanga wa flashi hufifia upesi. Ikiwa mdudu yuko sentimita 10 kutoka kwenye flashi na kichaka cha nyuma kiko mita moja, kichaka kinapata sehemu moja ya mia ya mwanga alioupata mdudu. Tafuta mdudu aliyetua mahali ambapo pana jani au ua karibu nyuma yake, au shika jani wewe mwenyewe kwa mkono wa pili, sentimita chache nyuma. Au pandisha ISO hadi 800 na ushushe nguvu ya flashi, mwanga wa kawaida ujaze nyuma. Njia hii ya mwisho ina gharama, kwani mwanga wa kawaida ukiingia, mtetemo nao unarudi kidogo.

Reli ya kusogezea kamera acha kwanza. Kazi yake ni kupiga picha nyingi za kitu kimoja, kila moja kamera ikiwa imesogea hatua ndogo kuliko kina cha fokasi, kisha programu ya kompyuta inachukua sehemu kali ya kila moja na kuziunganisha. Kwa tone la umande asubuhi isiyo na upepo ni njia nzuri sana, na ndiyo dawa halisi ya kile ulichokitafuta kwa f/22. Lakini anza bila reli: kamera yako kwenye tripodi, f/8, zungusha pete ya fokasi kidogo kidogo, picha kumi kutoka mbele ya tone hadi nyuma ya petali. Ukiona unaipenda kazi hiyo, reli itanunulika baadaye.

Nami nakuomba kitu kimoja kuhusu wadudu wenyewe. Utasikia ushauri wa kuwaweka kwenye jokofu ili wapoe, au kuwabandika kwa gundi. Usifanye. Mdudu aliyeganda husimama vibaya, miguu ikiwa imekunjwa, na anayewajua wadudu huiona hila hiyo mara moja; na hata asipoiona mtu, kiumbe kimeteseka kwa ajili ya picha. Wadudu hutegemea joto la nje, kwa hiyo alfajiri kabla jua halijapasha, wao wenyewe wametulia juu ya majani, wengi wakiwa wamevaa umande. Nenda saa hiyo. Sogea ukielekea kwao moja kwa moja, usikate kushoto na kulia, maana macho yao hushtushwa na kinachopita ubavuni kuliko kinachokua polepole mbele yao. Angalia kivuli chako kisiwaguse. Lenzi ya milimita 100 inakupa nafasi nzuri, kama sentimita 15 mbele ya kioo hata kwenye 1:1, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua badala ya ile ya milimita 60. Ulichagua vyema.

Ukichoka na wadudu siku moja, usiivue. Kwa sensa yako lenzi hiyo inaona kama ya milimita 150, na kwa f/2.8 umbali wa mita tatu inapiga sura ya mtu kwa upole mkubwa. Rafiki yako anayekutaka urudi kwa watu umwombe asimame mbele yake.

Anza na ule ukurasa wa ukutani. Nitumie zile picha saba, na pamoja nazo nzi mmoja: ubavuni, f/8, fokasi ya mkono, kutoka kwenye kamera moja kwa moja bila kukata wala kunoa. Kwenye jina la kila faili andika ulibadilisha nini kutoka iliyotangulia.